Mahabusu wa unga na mnazi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Malindi

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa mahabusu wa upande wa Malindi wanaotumia heroini, yaani unga, pamoja na pombe, na kimeunganishwa hivyo makusudi ili asitambulike yeyote. Kituo cha polisi, gereza na korti havitajwi. Vipimo vya dawa, hesabu ya siku na utaratibu wa matibabu ndivyo vinavyotumika kazini.

Kimechaguliwa kwa sababu kinaonyesha huduma inakatikia wapi. Wengi hudhani tatizo ni selo: msongamano, dawa zinazopenyezwa, kukosa mshauri nasaha. Hayo yapo. Lakini ukifuata kisa hiki siku kwa siku utaona mtu huyu alikaribia kufa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa muda mfupi baada ya kupita mlango mmoja kwenda mwingine, hali karatasi zake zimebaki nyuma.

Mtu mwenyewe

Ni mwanamume wa miaka 34 kutoka Maweni, kibarua wa kupakua samaki. Alianza na kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi na kuvutwa, kisha akauvuta peke yake, na kwa miaka minne ya mwisho alikuwa akijidunga. Siku ya kawaida alihitaji kete nne au tano. Mnazi alianza kunywa asubuhi kabla ya chochote, na jioni akipata pesa aliongeza chang'aa na bugizi, vidonge vya kutuliza vinavyouzwa mtaani. Amewahi kuacha unga mara tatu, na kila mara alirudi ndani ya mwezi mmoja. Safari hii alishtakiwa kwa wizi wa mota ya pampu ya kisima cha jirani. Dhamana ilikuwa shilingi 20,000 na hakuna ndugu aliyejitokeza kuilipa, kwa hiyo akapelekwa rumande.

Huo mnazi wa asubuhi ndio ulikuwa ufunguo wa kisa chote, na ndio haukuandikwa popote.

Mlango wa kwanza: kutoka polisi hadi rumande

Alikamatwa Jumamosi usiku, akafikishwa kortini Jumatatu, na jioni hiyo akaingia gerezani. Kufikia hapo alikuwa na takriban saa 45 bila kete wala tone la mnazi. Kwenye mapokezi aliulizwa kama anatumia dawa za kulevya. Akajibu, "Unga." Ikaandikwa heroini, fomu ikafungwa.

Hakuulizwa kuhusu pombe, na hata angeulizwa kwa neno hilo pengine angekana. Pwani wapo wengi ambao kwao pombe ni chang'aa na bia. Mnazi ni kinywaji cha kushindia. Ndiyo maana swali la "unakunywa pombe?" halifai. Maswali yanayofaa ni manne, nayo huchukua dakika mbili: Mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini, na ulikunywa nini? Ukiamka asubuhi kabla hujanywa, mikono hutetemeka? Umewahi kuanguka kifafa au kuona vitu visivyokuwepo ulipokosa? Kuna vidonge vyovyote unavyotumia, bugizi au vya usingizi? Jibu la ndiyo kwa la pili au la tatu lingetosha kumfanya alale chumba cha wagonjwa usiku ule.

Dalili zake Jumatatu zilikuwa za arosto, yaani mateso ya kukosa unga, waziwazi: miayo mfululizo, makamasi na machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, miguu isiyotulia. Kwa kipimo cha COWS, chenye dalili 11 za kuhesabiwa, alipata 17. Alama 13 hadi 24 ni arosto ya wastani. Akapewa paracetamol na pakiti za maji ya chumvi na sukari, akaambiwa avumilie siku tatu.

Ushauri huo kwa arosto ya unga peke yake haukuwa wa kijinga. Heroini ikikosekana, dalili huanza baada ya saa 8 hadi 12, hukaza kati ya saa 36 na 72, kisha hulegea ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Ni mateso makubwa, ila mtu mzima mwenye afya ni nadra kufa kwayo isipokuwa akaushwe maji na kuhara na kutapika, jambo ambalo kwenye selo ya joto la Malindi si la kupuuzwa. Kukosa pombe ni habari nyingine. Kifafa kikija, mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48 tangu tone la mwisho, na kuweweseka kwa hatari kunakuja kati ya saa 48 na 96. Asiyetibiwa anaweza kufa.

Usiku wa Jumanne nyapara wa selo aligonga mlango. Mahabusu mpya alikuwa amesimama wima akipangusa ukuta kwa viganja, akisema siafu wanamwingilia masikioni.

"Afande, huyu si arosto. Mateja nimewaona wengi humu, hawafukuzi siafu."

"Mlazeni chini, atapoa."

Nyapara alikuwa sahihi, na maneno yake yanapaswa kubandikwa kwenye kila chumba cha zamu. Teja mwenye arosto anajua yuko wapi na leo ni siku gani, hata kama analia. Akili yake ni timamu. Akikuambia yuko baharini, au anazungumza na mtu asiyeonekana, au mikono iliyonyoshwa inatetemeka kama ya mzee, tafuta pombe au vidonge. Vinavyopotosha ni vile vinavyofanana: jasho, kutapika, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio. Hivyo viko kwenye hali zote mbili na havikusaidii kuamua.

Selo haifunguliwi usiku bila idhini ya mkubwa wa zamu, na mkubwa wa zamu haitwi kwa sababu mahabusu anaona siafu. Ikaisha hivyo mpaka alfajiri ya Jumatano alipoanguka kifafa mbele ya wenzake. Hapo ndipo mlango ulifunguliwa.

Hospitalini joto lilikuwa 38.6, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, hajui siku wala mahali. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Alidungwa thiamini kwanza, ndipo akawekewa dripu yenye glukosi. Mpangilio huo una sababu: mnywaji wa muda mrefu ana upungufu wa vitamini hiyo, na ukimwaga sukari mwilini kabla ya kuijaza unaweza kuharibu ubongo kwa namna isiyorudi. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ilipewa kwa mshipa, polepole, miligramu 10, ikarudiwa hadi akatulia. Kisha vidonge vya miligramu 10 kila saa sita, vikipunguzwa kila siku hadi kuisha karibu siku ya kumi tangu alipokamatwa. Kila kabla ya kidonge anatazamwa: akiwa amesinzia au anapumua polepole, kidonge kinasubiri.

Je, apewe methadoni au asipewe?

Siku ya kumi aliporudishwa rumande, arosto ya unga ilikuwa imekwisha. Hapo pakazuka mabishano ambayo huzuka kila mara. Upande mmoja ulisema ameshavuka, mwili umesafishika, ya nini kumwingiza kwenye methadoni, dawa nyingine ya aina ileile inayotolewa badala ya unga? Hoja hiyo huvutia kwa sababu inaonekana ni ya busara na haigharimu kitu. Lakini inachukulia kwamba ugonjwa ni arosto. Arosto ni siku kumi. Ugonjwa ni ile miaka 11 ya kutumia unga na zile mara tatu alizorudi ndani ya mwezi. Zaidi ya hayo, mwili uliokaa bila unga hupoteza uwezo wa kustahimili kipimo cha zamani, na mtu hutoka jela na kumbukumbu ya kete tano kwenye mwili ambao sasa unaweza kuangushwa na mbili. Utafiti uliofanywa jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kufunguliwa, hatari ya mfungwa kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine wa jimbo hilo. Mahabusu ndiye aliye hatarini zaidi kwa hilo, kwa maana siku yake ya kutoka haijulikani na mtu.

Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014 huko Mathari, Nairobi, na Malindi ikafuata 2015. Gereza la Shimo la Tewa kule Mombasa hutoa dawa ndani ya gereza lenyewe. Penginepo mahabusu hupelekwa kliniki akiwa na askari, akanywa, akarudi. Kisa hiki ni cha namna hiyo ya pili. Kanuni ya 24 ya Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015, inataka huduma ya afya ya gerezani iendeshwe kwa ukaribu na ile ya uraiani, bila kukatika, na inautaja uraibu wa dawa za kulevya kwa jina. Kwa hiyo swali la kama mahabusu "anastahili" limeshajibiwa. Lililobaki ni nani atamsindikiza saa tatu asubuhi.

Alianza siku ya 11 kwa miligramu 10 tu. Mtu anayetoka mtaani na arosto mwilini huanza kwa 20 au 30, ila huyu alikuwa amepoteza ustahimilivu na diazepamu ya jana yake bado ilikuwa kwenye damu. Methadoni na diazepamu kwa pamoja huzima pumzi. Kwa dawa ya miligramu 5 kwa kila mililita, 10 ni mililita 2, kiasi ambacho kinaonekana cha dhihaka kwenye kikombe, akalalamika. Akatazamwa saa nne, kwa kuwa nguvu ya dawa hufikia kilele kati ya saa mbili na nne baada ya kunywa. Kisha ikapandishwa miligramu 5 kila siku tatu au nne. Kupandisha haraka ndiko kunakoua: methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo dozi ya leo inakaa juu ya mabaki ya jana na juzi, na anayeonekana mzima Jumatatu anaweza kulala asiamke Alhamisi kwa kipimo kilekile.

Kunywa kwenyewe kuna adabu yake. Nesi anachanganya dawa na maji, mteja anakunywa mbele yake, anakunywa maji tena, kisha anaulizwa jambo linalohitaji jibu refu. "Umelalaje?" haitoshi, maana "vyema" husemwa hata mdomo ukiwa umejaa. Mwulize jana alikula nini na nani alipika. Rumande kuna wanaotoa dawa mdomoni kwenye kipande cha kitambaa wakaiuze, na miligramu 40 zisizomdhuru mwenye mazoea zinaweza kumuua mahabusu asiyewahi kugusa unga.

Kikohozi

Kwenye fomu ya mapokezi kulikuwa na neno "kikohozi" na hakuna aliyelifuata hadi kliniki ya methadoni ilipomchunguza kabla ya kumsajili. Makohozi yakapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, jibu likawa kifua kikuu (TB) kisicho sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa zake. VVU ilikuwa hasi. Akaanza dawa nne siku ya 16: miezi miwili ya dawa nne, halafu miezi minne ya mbili. Wenzake wote wa selo walipimwa. Kwa wiki mbili alilala peke yake chumba chenye madirisha, na kliniki ilimpa dozi nje kwenye hewa, kabla foleni haijajaa.

Kufikia siku ya 35 alikuwa amefika miligramu 45, na akaanza kusema dawa haimfikishi. Asubuhi yuko sawa, ikifika alasiri makamasi yanaanza, usiku miguu haitulii. Askari wa zamu walimwita mwongo: anataka kulewa, mateja wote ndivyo walivyo. Hata mshauri nasaha aliandika "anadai dozi".

Hakuwa anadai chochote. Rifampisini huliamsha ini livunjevunje methadoni kwa kasi, na athari hiyo hujitokeza ndani ya wiki moja au mbili tangu kuanza vidonge vya TB. Kipimo ni kilekile kwenye kikombe, ila kwenye damu kimepungua vibaya. Dalili yenyewe ilikuwa imejieleza kwa saa: anayetaka kulewa hulalamika wakati wowote, ila huyu alilalamika kila siku baada ya alasiri, yaani dawa ilikuwa ikiisha kabla ya saa 24. Kliniki ilipolinganisha tarehe mbili, ya kuanza TB na ya kuanza malalamiko, ikaanza kupandisha miligramu 10 kila siku nne hadi 90, yaani mililita 18, na jioni zake zikatulia.

Kwa pwani yetu, penye TB nyingi magerezani, hili si jambo la kitaalamu la pembeni. Kila mteja wa methadoni anayeanzishwa dawa za TB atapitia hapa, na asiposikilizwa ataacha moja ya dawa hizo mbili. Mara nyingi huacha za TB.

Ramadhani

Mwezi ulipoandama alikuwa wiki ya sita. Siku ya kwanza alikataa dozi. Siku ya pili pia. Hakuwa mtu wa swala tano mtaani, lakini rumande ni wengi wanaorudi kwenye dini, na hakuna aliyetaka kumvunja moyo kwa hilo. Kliniki ilitoa dawa asubuhi. Gereza hufunga selo alasiri, kwa hiyo kunywa baada ya kufuturu au wakati wa daku kungehitaji mlango kufunguliwa usiku kila siku, na tumeshaona mlango huo hufunguka vipi.

Hapa mshauri nasaha hana la kusema. Aliyelisema ni ustadhi anayeingia kufundisha: mgonjwa ana ruhusa, Al-Baqara aya ya 184 na 185, na atalipa siku zake akipona, na asiyetarajiwa kupona ana fidia. Ila kilichomsumbua mtuhumiwa si hukumu. Aliona haya kuonekana akila mchana na wenzake wamefunga. Basi chakula chake cha mchana kikahamishiwa chumba cha zahanati, na siku ya tatu akanywa. Alikuwa amekosa siku mbili tu, na kwa siku moja au mbili dozi haibadilishwi. Zikifika tatu au nne hurudi nusu. Tano na kuendelea, mtu anaanza upya kama mgeni, hata kama jana aliandikiwa 90. Magereza yenye Waislamu wengi yapaswa kulipanga hili mwezi wa Shaabani, yakae na kliniki na ustadhi kabla ya mwezi kuandama.

Simu kwa mama

Afisa wa probesheni alimpigia mama yake mara mbili kabla ya kesi kusikizwa. Ya kwanza ilikwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama ni habari zake, mimi sina mtoto huko."

"Hatukuombi umchukue, mama. Twataka kujua tu, akitoka, usiku wa kwanza atalala wapi?"

"Kwangu hapana. Sufuria zangu zote ameuza, hata ya kupikia pilau ya arusi, ya watu. Mwulizeni ami yake."

Swali lilikuwa la maana kwa sababu lilikuwa dogo. Familia iliyochoshwa haiwezi kujibu "mtampokea?" lakini inaweza kujibu "usiku wa kwanza". Ami yake, mshona nyavu, alikubali siku 14 kwa sharti asiingie na mnazi. Likaandikwa kwenye faili la probesheni. Gerezani hakukuwa na nakala, na kortini hakukuwa na nakala.

Mlango wa pili: kutoka kortini hadi mtaani

Wiki ya Idi wazee wa mtaa walikaa na mlalamishi. Mota ilikuwa imepatikana, akasamehe. Alhamisi iliyofuata mahabusu alipelekwa kortini kwa kutajwa tu kwa kesi. Mlalamishi akaomba kuiondoa chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, hakimu akakubali. Saa tano na nusu asubuhi alikuwa huru, amesimama kwenye ngazi za korti na nguo alizovaa.

Hesabu ni hii. Karandinga liliondoka saa moja asubuhi, kliniki hutoa dawa kuanzia saa tatu, kwa hiyo dozi ya Alhamisi hakunywa. Vidonge vya TB na kadi ya kliniki vilikuwa zahanati ya gereza. Hakuna aliyempigia ami. Alikwenda kliniki mwenyewe, na hili lazima lisemwe kwa sauti, maana atakayesoma atadhani alikimbilia maskani ya mateja. Alifika saa tisa alasiri, dirisha la dawa limeshafungwa. Ijumaa arosto ilikuwa imeanza, na kwa mwenye rifampisini mwilini huanza mapema. Akaenda maskani.

Jumamosi usiku alikunywa mnazi, akameza bugizi mbili, akajidunga kete moja. Kete peke yake pengine isingemwangusha, kwa kuwa methadoni ya wiki tisa ilikuwa imemjengea kiasi cha ustahimilivu. Uliomwangusha ni mchanganyiko: pombe na bugizi havijui methadoni ni nini, na kwa hivyo viwili alikuwa mgeni kabisa baada ya wiki kumi na moja.

Wenzake walimmwagia maji baridi, wakajaribu kumnywesha maziwa. Mmoja alikuwa ameshavuta maji ya chumvi kwenye sindano. Vyote vitatu ni vya hatari au vya kupoteza muda. Maziwa humwingia mapafuni asiyeweza kumeza. Kilichomwokoa ni muelimishaji rika aliyekuwa jirani na chupa ya naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga. Alimwita, akamsugua mfupa wa kifua kwa ngumi, hakuna jibu, midomo imebadilika rangi. Akamlaza chali, akainua kidevu, akampulizia pumzi moja kila sekunde tano. Miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja. Dakika tatu hakuna mabadiliko makubwa, akarudia. Baada ya ya pili akaanza kupumua mwenyewe, ila hakuamka sawasawa, kwa kuwa naloksoni huondoa unga na haigusi bugizi wala pombe. Akalazwa ubavu, akapelekwa hospitali kwa tuktuk. Naloksoni hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu; anayeamka na kutaka kuondoka azuiwe kwa maneno mazuri, hata kwa chai, mpaka muda huo upite na zaidi.

Jumapili kliniki ilikataa kumpa methadoni, na ilikuwa sawa: bado alikuwa anasinzia. Jumatatu, siku nne zikiwa zimekatika, alipewa nusu, miligramu 45, mililita 9, na kupandishwa upya taratibu. Siku za TB alizokosa hazikumlazimu kuanza upya. Ziliongezwa mwishoni mwa awamu.

Kilichobadilishwa

Marekebisho hayakuwa ya fedha nyingi. La kwanza ni dozi ya siku ya korti. Siku ya kabla, ofisi ya rekodi hutoa orodha ya wanaokwenda kortini, nesi wa gereza huilinganisha na orodha ya methadoni na ya TB, na kliniki hukabidhi dozi za hao kwenye chupa zenye majina, hufungiwa kabati la kufuli mbili, hunywewa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saini mbili. Hapa ndipo panapoharibika zaidi: orodha ikichelewa kwa saa moja, kliniki imeshafungwa. Ikabidi orodha itolewe saa sita mchana, hata kama haijakamilika.

La pili ni kadi. Kila anayepanda karandinga na yuko kwenye dawa ana karatasi mfukoni: dozi ya mwisho kwa miligramu, tarehe na saa, dawa nyingine, saa za dirisha la kliniki, nambari ya simu ya kliniki na ya probesheni, na ile ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Haitaji kosa lake. Wapo waliopinga wakisema itauzwa au itapotea. Itapotea, ndiyo, baadhi. Ndiyo maana nakala ya picha hutumwa kliniki kwa simu asubuhi ileile. Naloksoni hupewa aliye tayari kuibeba, ila anayefaa zaidi kuwa nayo ni anayelala naye nyumba moja, kwa hiyo ami ndiye aliyefundishwa.

Kuna mlango wa tatu ambao kisa hiki hakikuufikia. Angefungwa, angeweza kuhamishwa Hindi, kule Lamu, karibu kilomita 200 kwa barabara. Uhamisho wa namna hiyo hautakiwi kufanyika mpaka mahali anapokwenda pamethibitisha kwa maandishi ni nani atampa dozi ya kesho yake. Barua ya rufaa iliyomo kwenye faili linalosafiri na lori haijathibitisha kitu. Jibu likiwa hapana, aidha abaki alipo au dozi ishushwe kwa miezi, kamwe si kwa wiki moja.

Amekaa kwa ami zaidi ya zile siku 14. Anashona nyavu, na analala kwenye mkeka barazani kwa hiari yake. Mnazi hajauacha wote. Kwenye maswali kumi ya AUDIT, kipimo cha unywaji wa pombe chenye alama 40, ameshuka kutoka 31 hadi 14, yaani bado yuko juu ya mstari wa 8 unaohesabiwa kuwa hatari, na anakunywa Ijumaa. Kliniki haimfukuzi kwa hilo. Humpima pumzi kabla ya dozi, na akinuka mnazi humsubirisha au humrudisha kesho. Dawa za TB zilipoisha mwezi wa sita kulikuwa na kazi moja ya mwisho ambayo husahaulika kuliko zote: ini lisiloamshwa tena na rifampisini hurudi kawaida ndani ya wiki mbili hivi, na 90 iliyokuwa inamtosha huanza kumzidi bila kuongezwa tone. Ishara ni kusinzia mchana na kushindwa kumaliza sentensi. Ameshushwa miligramu 5 kila baada ya siku chache hadi 70, na ami ameambiwa akimwona anasinzia na sindano ya nyavu mkononi apige simu siku hiyohiyo.